Dawa ya Povu

Libérate alikuwa amefunga vidonda vya watu kwa miaka ishirini na nne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza kama amechoka. Si kosa lao. Mtu mwenye kidonda ana shida zake, na mfungaji yupo pale mbele yake, amesimama, mikono mizima, kitenge kimekazwa kiunoni. Nani atakumbuka habari za miguu yake? Mwaka ule wa tisini na saba alikuwa katika zahanati ndogo nyuma ya soko la Kashaulili, chumba cha mwisho kushoto, chenye benchi moja na dirisha lisilofungika. Watu waliingia wakichechemea tangu saa mbili asubuhi: wa jembe, wa shoka, wa kuungua na uji, na wale wa kidonda ndugu ambao aliwajua mpaka majina ya wajukuu wao.

Wote aliwaosha kwa namna moja. Maji ya chumvi kwanza, halafu dawa ya chupa ya kahawia ambayo mjini Mpanda kila mtu aliiita dawa ya povu. Ukiimwaga juu ya kidonda inachemka, inafura, inageuka nyeupe. Hapo mgonjwa hushtuka na kutaka kuvuta mguu, na hapo ndipo Libérate alipokuwa na neno lake. "Tulia. Ona, hao ni wadudu wanakufa." Neno hilo alifundishwa na mtawa mmoja kule makazi ya Katumba, mwaka sabini na tatu, alipokuwa binti wa miaka kumi na sita aliyetoka Burundi na gauni moja. Lilikuwa neno zuri. Watoto waliacha kulia ili wawaone wadudu wakifa, na wazee waliitikia kwa kichwa wakaridhika, maana hakuna raha inayozidi kumwona adui yako akichapwa mbele ya macho yako.

Mume wake, Séverin, alikuwa mfyatua matofali kule Misunkumilo walikojenga, na tumbo lilikuwa likimuuma mwaka wa sita sasa. Linamchoma hapa chini ya kifua, linatulia akila, linarudi kwa hasira chakula kikishapita. Watu wote walimwambia ni mawazo. Mkimbizi, walisema, ana mawazo. "Mawazo ninayo," Séverin alikuwa akijibu, "lakini mbona Ambrosi jirani yangu hana wazo hata moja na tumbo linamuuma vilevile?"

Mwezi wa sita Libérate alimpeleka kwa tabibu Evarist, mkubwa wake pale zahanati. Evarist alimbonyezabonyeza, akamsikiliza, kisha akasema jambo ambalo lilikuwa bado geni katika mji ule. Alisema si mawazo tu. Siku hizi imejulikana kwamba yupo mdudu mdogo sana, asiyeonekana kwa macho, anayeishi humohumo tumboni katikati ya tindikali, na yeye ndiye anayesababisha vile vidonda. Kipimo cha kumwona hakikuwepo Mpanda, kwa hiyo angetibiwa kwa kukisia. Akampa vidonge vya aina tatu vya wiki mbili. "Usiruke hata siku moja, mzee. Ukiacha katikati, wale dhaifu wanakufa na wale wagumu wanabaki, na hao ndio watakaozaa."

Séverin alitoka pale mwenye furaha ambayo mkewe hakuwa ameiona tangu mvua za mwaka juzi. "Kumbe ni wadudu!" alirudia njia nzima, akisukuma baiskeli. "Wadudu wana dawa. Mawazo ndiyo hayana."

Furaha ilikaa siku nne. Vidonge vile vilimwachia mdomoni ladha ya chuma, vikamtia kichefuchefu, na tumbo likaendelea kuchoma kana kwamba hakuna kilichoingia. Siku ya tano aliacha, wala hakusema. Libérate naye hakuuliza. Alikuwa akirudi nyumbani jioni miguu imevimba, anasonga ugali, anachota maji, anaanguka kitandani. Alipoona karatasi ya vidonge juu ya rafu alidhani inapungua. Kusema kweli hakuihesabu, na hilo alikuja kujilaumu nalo sana.

Jumanne moja zahanati ilikosa maji, wakafunga saa sita. Libérate alifika nyumbani mchana, akamkuta mume wake nyuma ya jiko amechuchumaa, kikombe mkononi, chupa ya kahawia miguuni. Ilikuwa chupa yake mwenyewe, ile ya mabaki aliyokuwa akiiweka nyumbani kwa ajili ya majirani wanaojikata. Séverin alikuwa akikoroga kwa kijiko. Akanywa, akafumba macho, na baada ya kitambo akacheua mcheuo mrefu sana.

"Unasikia?" akasema, uso umemchangamka. "Wanakufa hao."

"Baba Joséline! Unakunywa dawa ya vidonda?"

"Na mimi nina nini? Si vidonda? Evarist amesema vidonda, amesema wadudu. Wewe umesema miaka yote dawa hii inaua wadudu, na watu wameona kwa macho. Vile vidonge nani amewahi kuviona vikiua kitu?"

Libérate alifungua mdomo amkatalie, akaufunga. Hapa msimulizi hatamtetea. Angeweza kumnyang'anya kile kikombe; badala yake alisimama pale na kikapu mkononi akaona maneno yake mwenyewe yamerudi yamepangwa vizuri kuliko alivyowahi kuyapanga yeye. Ni kweli ni vidonda. Ni kweli ni wadudu. Na povu, povu ameliona likifanya kazi kwa miaka ishirini na nne. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne; nani alikuwa amemfundisha neno jingine la kujibu?

"Basi kijiko kimoja tu," akasema. "Na maji yajae kikombe."

Alimpimia kwa mkono wake mwenyewe kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Séverin alikuwa kwenye tanuri la matofali akainama na kutapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Wenzake walimbeba kwenye baiskeli mpaka zahanati. Evarist alimtundikia maji, akamuuliza amekula nini. Séverin akamtazama mkewe. Libérate akatazama ndoo ya sakafuni. "Ugali na dagaa," akasema.

Aliona aibu hapohapo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Aliporudi chumbani kwake akamfunga mama mmoja bandeji kinyume mpaka mama mwenyewe akamwonyesha. Wagonjwa walipopungua akachukua chupa ya kahawia, akavuka ukumbi, akaingia kwa Yotham.

Yotham alikuwa mpimaji wa maabara, kijana mwembamba mwenyeji wa huku huku Mpanda, ambaye muda wote alikuwa na jicho kwenye darubini au kwenye kitabu. Watu walimwona ana maringo. Hakuwa na maringo, alikuwa tu hajui kuzungumza habari fupi.

"Yotham, baba," Libérate akamwambia, "hii ikitoa povu, ni nini kinachotoka?"

"Hewa," akajibu bila kuinua kichwa. "Oksijeni."

"Si wadudu wanakufa?"

Hapo akainua kichwa. "Wengine wanakufa, kwenye kidonda. Lakini povu si kufa kwao, mama. Povu ni kujitetea." Akaweka kalamu chini, na Libérate akajua ameuchokoza mzinga. "Dawa hii ni hewa ileile tunayovuta, ila imefanywa kali, inaunguza kila inachokigusa. Mwili wetu wenyewe unajua kuitengeneza. Chembe nyeupe za damu zikimwona mdudu, zinammwagia. Sasa huyu wa tumboni anamwagiwa kila siku, miaka ishirini, miaka thelathini. Mdudu mwingine angeisha. Huyu ana protini zake. Kuna moja kazi yake ni kuikamata ile sumu na kuivunja, yanabaki maji na hewa. Hewa hiyo ndiyo povu unaloliona. Halafu kuna nyingine zinapita nyuma zinatengeneza pale palipokwisha kuungua. Zinavunja na kutengeneza, zinavunja na kutengeneza, hazina Jumapili."

Libérate alidhani anasikia habari za wanawake wa Misunkumilo. "Na sumu yote hiyo inamwagika wapi?"

"Kwenye ukuta wa tumbo. Mdudu ana ngao, ukuta hauna ya kutosha. Anayeungua ni mwenye nyumba."

"Kwa hiyo mtu akiinywa..."

"Nani ameinywa?"

Libérate akaiweka chupa mezani.

"Mama Joséline, nani ameinywa?"

Akamwambia. Aliyasema yote, na kijiko, na maji ya kujaa kikombe. Yotham hakumgombeza, na Libérate alitamani angemgombeza. Alisema tu kwamba Séverin amekuwa akijiunguza mwenyewe huku wadudu wakikaa salama, na kwamba vidonge ni kitu kingine. Vinaingia kwa mlango ambao protini ile hailindi. Kisha wakaenda pamoja kwa Evarist, na Libérate akasema tena yote kwa mara ya pili, amesimama, kama mtoto wa shule.

Evarist alikuwa na wagonjwa wa surua ukumbi mzima. Alijifuta uso kwa kiganja. "Aanze upya," akasema. "Kidonge cha kwanza mpaka cha mwisho, siku kumi na nne. Na dawa ya povu isimguse mdomoni tena. Akitapika damu mara nyingine, mimi hapa sina damu ya kumwongeza. Itabidi hospitali ya Tabora." Treni ya kutoka Mpanda ilikuwa inaondoka mara chache kwa wiki, ikitaka, na mtu anayevuja damu hangojei treni.

Séverin alirudishwa nyumbani siku ya pili, akakaa mkekani kivulini, ameegemea ukuta, macho yameingia ndani. Libérate alipomletea vidonge akavisukuma pembeni. Alikuwa ameshayafikiria mambo yake akayamaliza. Vile vyeusi alivyotapika, alieleza, ndio wadudu wenyewe, wafu. Miaka sita hawajawahi kutoka, vijiko vitatu tu wametoka. Kilichobaki ni kuongeza dawa.

"Ile ilikuwa damu yako."

"Damu ni nyekundu. Mimi si mtoto."

Kesho yake mchana Libérate alifanya kama Yotham alivyomwelekeza. Alichukua kiazi mviringo, akakimenya mbele ya mume wake, akakikata vipande viwili. Kimoja akakichemsha mpaka kikaiva kabisa, akakipoza. Akaviweka vyote kwenye sahani moja ya bati, akafungua chupa ya kahawia.

"Hicho ni chakula au mchezo?" Séverin akauliza.

"Tazama tu."

Alimwagia kile kilichoiva. Dawa ikateleza juu yake ikatulia, maji matupu. Akamwagia kibichi. Mara vikatokea vipovu pembeni, vikaongezeka, vikaungana, mpaka uso wote wa kiazi ukawa mweupe na ukawa unanong'ona.

"Kiazi kina wadudu," Séverin akasema papo hapo.

"Nimekimenya ukiona. Ndani ya kiazi hakuna mdudu. Hiki kibichi kiko hai, ukikifukia kitaota. Hiki kingine moto umekiua. Kilicho hai ndicho kinachotoa povu, baba Joséline. Kinaivunja dawa ili kisiungue. Na hao wa tumboni wanafanya hivyohivyo. Ulipokuwa unacheua, hawakuwa wanakufa. Walikuwa wanapona."

Povu la kiazi lilikuwa limeanza kupungua.

"Nani amekwambia haya?"

"Yotham."

"Yotham ni mtoto."

"Ni mtoto anayejua. Mimi ni mtu mzima niliyekuwa sijui."

"Na mguu wangu?" Akaupandisha mguu wa suruali. Kovu lilianzia chini ya goti likashuka mpaka karibu na kifundo. Ni panga la mwaka sabini na mbili. "Mguu huu ulikuwa ukatwe. Nimefika Katumba unanuka mpaka watu wananikimbia. Ukaja wewe, binti mdogo, ukamwaga dawa, ukaniambia wadudu wanakufa. Mimi siku ile nililala. Tangu tuvuke Malagarasi nilikuwa sijalala. Sasa unaniambia nini? Hawakufa?"

"Mguu ulipona kwa sababu niliuosha kila siku. Siku arobaini."

"Mguu ulipona kwa neno lako," Séverin akasema, akageuza uso ukutani.

Libérate alikaa pale na sahani yake. Lilimuuma kuliko tusi. Alikuwa ameingia katika ndoa hii kwa mlango wa neno lile, na sasa yeye mwenyewe ndiye ameling'oa, tena kwa kiazi. Jioni ile Séverin hakula wala hakumeza kidonge. Joséline, binti yao aliyeolewa ng'ambo ya reli, alikuja na uji akaurudisha ulivyo.

Asubuhi Libérate aliamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Akachukua kikombe cha maji, akaviweka vile vidonge vitatu kwenye kiganja, akaenda kusimama mbele ya mumewe. Alikuwa amepanga maneno mazuri. Alikuwa amepanga kumtajia Evarist, Yotham, watoto, Mungu. Alipofungua mdomo hakuna hata moja lililokuja.

"Nimechoka," akasema. "Baba Joséline, nimechoka. Nimechoka miguu, nimechoka mgongo, nimechoka kuwaambia watu tulieni. Sina neno jingine la kukupa. Vidonge hivi sijui vinafanyaje kazi, sijawahi kuviona vikitoa povu, na mdomo vitakuharibia kweli. Kama hutaki kunywa, niambie sasa hivi, nirudi nikalale, halafu tungoje tu."

Akaanza kulia, na hakujifuta, maana mkono mmoja una kikombe na mwingine una vidonge.

Séverin alimtazama kana kwamba ni mgeni aliyebisha hodi. Mtu huyu alikuwa amelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na tatu. Alikuwa amemwona akizaa watoto wanne na kuzika mmoja, akitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi mvua na jua. Hajawahi kumsikia akisema amechoka. Pengine hakuwahi kusikiliza. "Mana yanje," akanong'ona kwa Kirundi, Mungu wangu. Kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Akameza. Akakunja uso. "Vibaya hivi," akasema.

"Najua."

"Wewe kaa chini kwanza."

Wiki mbili zile zilikuwa ndefu. Siku ya tatu alitapika maji matupu, na Libérate akayachunguza kwa muda kabla hajayamwaga. Siku ya sita alitaka kuacha, akagombana na kila mtu aliyepita uani, akameza. Kazini Libérate aliosha vidonda kimya kimya. Wagonjwa walianza kulalamika kwamba mama wa watu amekuwa mkali siku hizi, hasemi hata neno la kumtuliza mtu. Mzee Lyamba wa kidonda ndugu alimuuliza waziwazi kama wadudu wake siku hizi hawafi. Akamwambia anasafisha tu, mzee, na kesho aje asafishwe tena. Lyamba hakuridhika. Lakini kesho yake alikuja.

Siku ya kumi na tano ilikuwa Jumapili. Walikuwa wametoka kanisani, jua limekaa juu ya mabati, na Séverin alikuwa amekula sahani ya wali na maharage bila kushika kifua. Siku nne mfululizo alikuwa amekula hivyo. Hakuna aliyesema kitu juu ya hilo, waliogopa kulitaja. Alilaza kijiko kwenye sahani, akamtazama mkewe aliyekuwa amekaa juu ya kigoda, miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyeliandaa.

"Mama Joséline. Wamekufa?"

Libérate aliinua macho. Jibu alilikuta limekaa tayari ulimini, la miaka ishirini na nne, tamu, lenye kulaza watu. Hapakuwa na kipimo Mpanda, wala povu, wala chochote cha kumwonyesha. Alimtazama mume wake jinsi alivyokuwa akingoja.

"Sijui," akasema.

Séverin alilifikiria jibu lile, akalikubali.

"Haya," akasema, akasogeza sahani. "Yakibaki maharage, niongezee. Ila usiinuke. Nionyeshe tu sufuria iko wapi."